Kiatu cha Kushoto Kilifika Kwanza

Kisangani, Jumatatu 12 Machi 2001

Kwa tonton Isaïe,

Kiatu cha kushoto kimefika. Wa kwanza kulitangaza jambo hilo ni mkaguzi wa mizigo wa uwanja wa ndege, jana saa tano asubuhi, alipokichomoa katika mfuko wa Papa Ambroise, uliyempa akilete, na kukiinua juu abiria wote wakione. Papa Ambroise ananisimulia mazungumzo yao hivi:

— Iko moja tu? Ingine iko wapi?

— Iko Goma.

— Mwenyewe iko na miguu ngapi?

— Mbili.

— Bon, mupelekee. Miye nitafanya nini na moja?

Kwa hiyo desturi yenu wafanyabiashara ya kutuma kiatu kimoja kimoja, kila kimoja na mtu wake, bado inafanya kazi. Sabuni ya Papa Ambroise, ambayo ilikuwa katoni kamili, haikufika mjini.

Sasa salamu. Mama ni mzima isipokuwa goti. Paa limezibwa upande wa jikoni. Upande wa sebule tunangoja mabati. Redio inasikika saa tatu kwa siku mafuta ya jenereta yakiwepo, na mimi bado ndiye ninayesoma habari za jioni. Msalimie mkeo, tantine Félicité, na binti yenu Pélagie.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati ya mbio imetoa tangazo, nami nimelisoma hewani mara mbili. Mbio zitakuwa Jumapili tarehe 15 Julai, kutoka mbele ya kanisa kuu hadi geti la uwanja wa ndege wa Bangboka na kurudi. Urefu ni kilomita 34 na mita 600, kwa mujibu wa kijana wa toleka, teksi za baiskeli za hapa, aliyefunga uzi kwenye gurudumu la baiskeli yake akahesabu mizunguko kwenda na kurudi. Wanaume wawili wa kwanza na wanawake wawili wa kwanza watachukuliwa na ndege nyeupe ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa hadi Kinshasa, kwa mashindano ya tarehe 5 Agosti. Unajua tangu lini mtu wa kawaida wa hapa hajavuka mstari wa vita kwenda Kinshasa. Unajua pia nani yuko Kinshasa.

Nina maswali mawili. Cha kulia kinafika lini? Na wewe uliyeuza viatu maisha yako yote, unasema nini: mtu avae viatu vipya kwa mbio ndefu namna hii, au abaki na vya zamani?

Mpwa wako,
Odile Kaswera

Goma, Jumatatu 2 Aprili 2001

Mwanangu Kaswera,

Eddy ana malaria. Ni mke wake aliyesema hivyo, kwa simu ya padri, Ijumaa. Eddy ndiye niliyempa kiatu chako cha kulia. Ndege aliyopanda iligeuzwa angani bila maelezo ikatua Bukavu, akashuka mgonjwa, na sasa yuko kwa shemeji yake. Kiatu kiko chini ya kitanda. Mke wake ameahidi kwamba hakuna atakayekigusa. Sijui nani angetaka kukigusa.

Sisi hatujambo. Tantine Félicité anasalimu. Pélagie amemaliza shule ya ushonaji na sasa anazunguka mji mzima kwa miguu akitafuta kazi. Dukani Birere wateja ni wengi na wanunuzi ni wachache.

Kuhusu swali lako. Nina miaka ishirini na sita katika biashara hii, na hili simwambii mteja. Kiatu kipya ni mgeni wa nyumbani. Siku ya kwanza anasifu chakula. Siku ya tatu amekwisha kukuhamisha kitandani mwako. Mpe miezi miwili akae na mguu wako, kwenda sokoni, kwenda kanisani, mbio fupi, mbio ndefu. Kama miezi miwili haipo, kimbia na vya zamani hata kama vinatia aibu. Aibu haitoi malengelenge.

Na usianze kukimbia na cha kushoto peke yake. Vikija kukutana vitakuwa havijuani.

Nina swali na mimi. Sophie anaendeleaje? Alipanda ndege Julai 1998, kwenda Kinshasa kwa bibi yake mzaa baba kwa mwezi mmoja tu, Agosti vita vikaanza, na kwa hesabu yangu sasa ana miaka saba na nusu. Tangu Krismasi hujaandika jina la mtoto wako. Karatasi yake ya kupitia Msalaba Mwekundu imefika, au haijafika?

Tonton wako,
Isaïe

Kisangani, Jumapili 6 Mei 2001

Kwa tonton Isaïe,

Kiatu cha kushoto kimekwisha kukimbia kilomita 340, kwa mujibu wa daftari langu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilonikataza. Barua yako ya tarehe 2 Aprili ilifika tarehe 27. Kiatu changu cha zamani cha kushoto kilipasuka tarehe 15 Machi, kwenye shimo la bomu la mwaka jana karibu na daraja la Tshopo. Katikati ya tarehe hizo mbili ilibidi nivae kitu.

Mama anakushukuru kwa dawa ya goti. Anasema haifanyi kazi lakini inanuka vizuri.

Nakimbia, basi, na kipya kushoto na cha zamani kulia. Kwa siku nne nyonga iliniuma, kwa kuwa soli mpya ni nene zaidi. Siku ya tano nilikwenda kwa Papa Hemedi, fundi viatu wa karibu na soko kuu. Familia yake iko hapa tangu enzi za misafara, na yeye ujanani alikuwa anakimbia katika timu ya reli. Alinipima soli zote mbili kwa kijiti, akakata kipande cha tairi cha milimita kumi na moja, akakigundisha chini ya kile cha zamani. Tangu hapo nyonga imenyamaza. Ananirekebishia kila Jumamosi na hataki malipo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: «Iko siku nitakuomba kitu.» Sikumuuliza ni kitu gani.

Mazoezi yana matatizo yake. Mara ya kwanza niliposhuka barabara ya Bangboka nikikimbia, maduka kumi na moja yalifunga milango, na mama mmoja mwenye beseni la samaki alitimka mbele yangu hadi kizuizi cha pili cha askari. Ni mkimbiaji mzuri sana. Sijui kama amejiandikisha. Hapa mtu akikimbia, wengine hawaulizi. Kwa hiyo sasa kijana wa toleka ananitangulia na baiskeli akipiga kelele: «Ni sport! Ni sport! Hakuna kitu!» Watu wanasimama, wanatazama miguu yangu, wanacheka. Wenzake wa toleka wamenipa jina. Kwa kuwa kila mguu wangu umevaa jeshi lake, kama yale ya Uganda na Rwanda yaliyopigana hapa mwaka jana, wananiita Mama Kampala-Kigali. Wanalisema kwa sauti ya chini, na si karibu na vizuizi.

Siku hizi sikimbii peke yangu. Mjukuu wa Papa Hemedi, Djamila, ana miaka ishirini, anauza mikate ya mafuta asubuhi na kukimbia alasiri. Anakimbia na sandali za plastiki zilizofungwa kamba. Wiki iliyopita nilimuuliza kama hazimuumizi.

— Zinaumiza, Mama Sophie. Ndiyo maana nakimbia mbio, nifike nizivue.

Ana mwendo. Naandika hivyo kama habari.

Kuhusu swali lako la mwisho: mvua ni nyingi mwaka huu.

Mpwa wako,
Odile

Goma, Jumapili 10 Juni 2001

Mwanangu Kaswera,

Kiatu cha kulia kilirudi Goma Alhamisi. Eddy amekileta mwenyewe, amekonda, na amesema bila kuulizwa kwamba hakukivaa.

Tuko salama. Tantine Félicité amepata mashine ya pili ya kushona. Pélagie bado anatafuta kazi.

Zimebaki wiki tano. Ukingoja kiatu kifike ndipo kianze kuzoea, hutakuwa na muda. Kwa hiyo nimeanza kukizoesha hapa hapa. Kinatoka asubuhi kinarudi jioni. Usiulize kinatoka na nani. Mguu ni namba 39 kama wako, nimeupima mwenyewe. Kuna faida ya pili: kikiwa na matope hakuna mkaguzi atakayekitamani. Papa Ambroise atakileta ndege zikiruhusiwa, nadhani mwisho wa mwezi.

Sikiliza vizuri. Kikifika wiki mbili kabla ya mbio au zaidi, vaa jozi, kimbia nayo kila siku. Kikifika chini ya hapo, kijaribu kilomita tano. Mguu ukisema neno lolote, hata kwa sauti ndogo, kiache. Na kama ni fundi kweli, huyo Papa Hemedi mwonyeshe. Mimi nauza viatu, fundi anavijua.

Unajibu kila swali langu isipokuwa moja. Mvua naijua, inanyesha hapa pia.

Tonton wako,
Isaïe

Kisangani, Ijumaa 13 Julai 2001

Kwa tonton Isaïe,

Kiatu cha kulia kimefika jana saa nane mchana. Papa Ambroise, aliyekishika muda wote mkononi, anasema hakuna aliyemuuliza kitu. Ndege zilikuwa zimezuiwa siku kumi na sita. Mbio ni keshokutwa. Barua hii inaondoka kesho na ndege inayobeba nyanya za sokoni, kwa hiyo ushauri wako hautaniwahi. Nakueleza tu nilivyoamua.

Mama anasalimu. Mabati ya sebuleni yamefika, yana matundu, lakini ni machache kuliko ya zamani.

Leo asubuhi nimekimbia kilomita tano na jozi kamili, kwa mara ya kwanza. Dakika 26 na sekunde 40. Hapakuwa na jua. Mbwa mmoja alinifuata kuanzia posta hadi bandarini akachoka.

Saa nne Papa Hemedi alikuja nyumbani. Hajawahi kuja nyumbani. Alikunywa chai, akamuuliza Mama kuhusu goti, akaangalia paa. Kisha akasema:

— Mama Sophie, mutu hawezi kuvaa viatu ine. Vile utaacha, nakuomba, mutoto wangu Djamila avae.

Miezi minne ya gundi, uzi na tairi, na hilo ndilo alilokuwa anangoja kuomba. Nilimwambia ndiyo. Hakuna jibu lingine.

Sasa hesabu ni hii. Nafasi ya kwanza ya wanawake ni ya Annette wa polisi. Kila mtu anasema hivyo, na Annette pia anasema hivyo. Inabaki nafasi moja katika ndege, na wanaoigombea ni wawili, Djamila na mimi. Nikivaa jozi mpya, Djamila anapata vile viwili vya zamani: cha kulia chenye tairi na cha kushoto kilichopasuka, sasa chenye mshono, vizito, lakini ni bora kuliko sandali. Nikivaa nilivyozoea, kipya kushoto na cha zamani kulia, yeye anapata cha kushoto chenye mshono pamoja na kipya cha kulia.

Nimekimbia kilomita 788 na viatu vyangu viwili visivyofanana. Hakuna kati yao aliye mgeni. Nimeamua kukimbia navyo, na nimempa Papa Hemedi vile vingine.

Alikigeuza kipya mkononi, akapitisha kidole ndani.

— Hii iko na neno?

— Iko mupya tu, papa, nikamwambia.

Mbio zinaanza Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya misa ya kwanza.

Mpwa wako,
Odile

Goma, Jumatano 18 Julai 2001

Mwanangu Kaswera,

Mbio zimekwisha siku tatu sasa na hapa hakuna aliyetaja matokeo. Redio ya hapa imesema tu kwamba zilikuwepo. Naandika bila kujua, na labda ni afadhali.

Kwanza langu. Aliyekivaa kiatu chako ni Pélagie. Wiki tatu na siku mbili, mji mzima, na ndala mguu wa kushoto. Watu wa Birere walidhani ana kidonda. Sikukuandikia kwa sababu unamjua Pélagie anavyotembea: tangu mdogo anakanyaga upande wa nje, na kila kiatu anachovaa kinalala upande huo ndani ya mwezi mmoja. Niliona, nikajiambia labda hutahisi. Hilo ni kosa la muuza viatu.

Sasa lako. Ulikimbia kilomita tano. Umeniandikia dakika, sekunde, jua na mbwa. Hukuniandikia mguu.

Umenizoesha kusoma barua zako kama habari za jioni, na najua kwamba anayesoma habari huchagua nini asome. Kama mguu haukusema neno, nisamehe. Kama ulisema, na mzee wa watu akakuuliza ukamjibu hivyo ulivyomjibu, basi hilo si jambo la viatu tena, na mimi sina ushauri ninaouza kwa hilo.

Tantine Félicité anauliza umekuwa wa ngapi. Mimi nangoja jibu la yote mawili, na lile la Sophie, ambalo nalingoja tangu Aprili.

Tonton wako,
Isaïe

Kisangani, Jumanne 24 Julai 2001

Kwa tonton Isaïe,

Djamila ni wa pili, mimi ni wa tatu. Matokeo yalisomwa na katibu wa kamati Jumapili tarehe 15 saa nne kasoro robo, mbele ya kanisa kuu, na mimi niliyarudia hewani jioni, jina langu likiwemo. Annette: saa mbili, dakika 41. Djamila: saa mbili, dakika 49, sekunde 32. Odile Kaswera: saa mbili, dakika 50, sekunde 20. Tofauti ni sekunde 48.

Mama ni mzima. Barua yako ya tarehe 18 ilifika jana. Najibu yote matatu kwa mpangilio.

La kwanza, mguu. Kidole kidogo kilianza kuwaka kabla ya kilomita ya tatu. Nilipokivua kiatu baada ya tano, ngozi ilikuwa imetoka kipande cha ukubwa wa punje ya hindi. Niliifunga kitambaa. Saa moja baadaye Papa Hemedi akaniuliza, nikamjibu nilivyokuandikia. Nilijua ninachofanya. Hesabu yangu ilikuwa kwamba Djamila angeanza kuchechemea kabla ya kilomita ya ishirini.

La pili, mbio. Tuligeuka getini Bangboka pamoja. Alinitangulia mita thelathini hivi, na mimi nikamwacha. Nilikuwa na pumzi. Watu kando ya barabara waliniambia: «Mukamate, Kampala-Kigali! Iko pale tu!» Sikumkamata, nilikuwa nangoja mguu wake. Kilomita ya ishirini ikapita. Ya ishirini na tano ikapita, anakwenda sawa. Kwenye ya thelathini nilielewa kwamba hatachechemea, nikaanza kukimbia kweli, lakini zilikuwa zimebaki nne na nusu tu. Nimekimbia mbio za kumsubiri mtu, na anayesubiri hapiti. Viatu vyangu havikuwa na kosa lolote.

Jumatatu asubuhi Djamila na babu yake walinirudishia viatu, vimeoshwa na kukaushwa. Nilikitazama kile cha kulia. Upande wa kidole kidogo ulikuwa umevimba nje, kazi safi, kama kimezaliwa hivyo. Papa Hemedi aliona ninavyotazama.

— Ile Ijumaa niliingiza kidole tu, nikajua. Mutu mwingine alikivaa, tena anakanyaga inje. Nikakilowesha, nikakiweka kwa kalibu ya mbao mpaka Jumamosi jioni.

— Na uliniuliza kama kina neno.

— Nilikuuliza, ndiyo. Mimi niko fundi miaka makumi ine, Mama Sophie. Kama ungenijibu, ningekipanua kwa muguu yako. Saa zilikuwa zinatosha. Na Djamila angevaa vya zamani.

Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma bei. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nilimwambia Djamila mwenyewe, mbele ya babu yake: nilijua, nikanyamaza, nilitaka kikuumize. Aliinama akafunga kamba ya sandali yake. Alisema tu kwamba ameelewa, wakaondoka. Viatu viliachwa mezani.

Siku tatu sikufanya kitu. Siku ya nne nilichukua kile changu cha kushoto na kile cha kulia, nikavipeleka kwa Papa Hemedi, kwa sababu Djamila ana mbio nyingine tarehe 5 Agosti na hawezi kukimbia Kinshasa na kiatu chenye mshono. Donc jozi yako imekamilika, tonton, iko miguuni mwa Djamila. Nilitoa bila kukuomba ruhusa. Umesema huna ushauri unaouza, basi sikununua.

Nilipokuwa pale nilimwomba Djamila anipelekee mzigo kwa mtoto. Aliacha mikate yake kwenye mafuta akanigeukia.

— Mama Sophie, uliniombea kidonda, sasa unaniomba nikubebee mzigo?

— Ndiyo.

— Bon. Iko kilo ngapi?

— Haifiki moja.

— Unaniangalia hivyo, mikate inaungua. Leta.

La tatu ni Sophie. Karatasi ya Msalaba Mwekundu ilifika Januari, kabla hata hujauliza. Ina mistari sita, kwa mkono wake mwenyewe. Anaandika vizuri, herufi zinakaa kwenye mstari. Anasema amepanda darasa, anasema bibi ana kuku. Inaanza hivi: «Chère tantine Odile.» Tantine, si mama. Bibi yake ameongeza pembeni kwa kalamu nyingine kwamba mtoto hakukusudia ubaya, ni mazoea ya nyumba, na kwamba atamrekebisha. Sikujua nikuandikie nini kuhusu hilo, ndiyo maana nilikuandikia mvua.

Nilipomwambia Djamila niko na mzigo sikuwa na mzigo. Nilikaa na Mama tukajadili gauni. Nilitaka kushona moja, nikagundua kwamba sijui kimo chake. Mara ya mwisho nilipompima alikuwa na miaka minne na miezi minane, na alisimama chini ya kitasa cha mlango. Mama anasema watoto wa upande wa baba yake ni warefu. Mimi nilikuwa mfupi hadi darasa la sita. Hatukukubaliana.

Kwa hiyo nimeshona gauni mbili kwa kitambaa kimoja, moja ya miaka saba, nyingine ya miaka tisa. Djamila atakwenda nyumbani kwa bibi Jumatatu tarehe 6 Agosti, siku moja baada ya mashindano. Sophie atajaribu zote mbili. Ile inayomtosha ataibakiza. Ile nyingine Djamila atairudisha, nami nitajua kimo chake. Nimemwambia asimrekebishe mtoto neno lolote, amwite vyovyote anavyopenda. Aseme tu gauni zimeshonwa na nani.

Ndege inaondoka keshokutwa, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Papa Hemedi atamsindikiza Djamila hadi getini. Mimi sitakwenda, nina habari za kusoma.

Ndege itarudi Jumanne tarehe 14 Agosti na kutua Bangboka saa tisa alasiri. Kituoni nimekwisha kuomba ruhusa ya siku hiyo. Nitakuwa pale saa nane.

Mpwa wako,
Odile